Tela la Safari Likikosa Umeme: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Betri na ya Kuchaji

Matela yanayokokotwa na magari ya safari kutoka Arusha kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti hubeba siku hizi friji ya kompresa, pampu ya maji, taa za LED na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ya kuchajia simu na kamera za wageni. Vyote hivyo hutegemea betri moja au mbili za volti 12 zilizofungwa ndani ya tela lenyewe, mbali na betri ya gari. Umeme ukikatika usiku wa manane kambini, lawama ya kwanza huangukia betri, na safari ikiisha hununuliwa nyingine bila mtu yeyote kupima chochote. Nimetunza matela ya aina hii kwa miaka kadhaa, nami nimeshawishika kwamba betri nyingi zinazotupwa ziliuawa na njaa: chaji ilitoka kwenye gari ikiwa nzuri, lakini ikapotea njiani kabla ya kuzifikia. Betri mpya ikiwekwa mahali pale pale hufa kwa njaa ile ile, na fedha ya mwenye tela hupotea mara mbili.

Kwa kazi yote inayoelezwa hapa utahitaji multimita ya bei ya kawaida inayopima volti za mkondo mnyoofu na ampea hadi 10, haidromita (kipima uzito wa asidi) ikiwa betri zako ni za maji, yaani zenye vifuniko vya kuongezea maji, balbu ya taa ya mbele ya gari aina ya H4 iliyounganishwa nyaya mbili, waya mwembamba wa urefu wa mita 10, spana namba 10 na 13, na kipande cha msasa. Daftari nalo ni kifaa, kwa sababu kipimo kisichoandikwa husahaulika kabla hujafika kwenye kipimo cha pili.

Usalama kwanza

Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa iliyomo ndani ya boksi huweza kulipuka kwa cheche moja. Fungua boksi la betri na uliache lipate hewa kwa dakika kadhaa, usivute sigara karibu nalo, na vua pete na saa ya chuma, kwa maana spana au pete inayogusa ncha zote mbili kwa pamoja hupata moto mkali mara moja. Unapofungua terminali anza na hasi, na unaporudisha malizia na hasi. Utaratibu huo una sababu: hasi ikiwa imeshatolewa, spana inayofungua chanya ikigusa chuma cha tela haitazua cheche. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha uende hospitali.

Kipimo cha betri iliyopumzika

Zima kila kitu, chomoa plagi ya gari, funika paneli ya sola, kisha iache betri ipumzike kwa saa tatu au nne, na ikiwezekana usiku kucha. Betri iliyotoka kuchajiwa husoma juu kuliko hali yake halisi, na wengi hudanganyika hapo: wanapima dakika tano baada ya gari kuzimwa, wanaona 13.0, wanaridhika, halafu saa nne usiku friji inasimama.

Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na takriban robo tatu, ikisoma 12.2 imefika nusu, ikisoma 12.0 imebaki na robo, na ikishuka chini ya 11.8 ihesabu kuwa tupu. Nusu ndiyo mpaka wa busara. Betri inayoshushwa chini ya nusu kila siku hufupisha maisha yake, na ile inayoachwa tupu kwa majuma hujenga juu ya sahani zake salfeti ya risasi ambayo huanza laini, kisha ikawa fuwele ngumu zisizokubali kuyeyuka tena hata uchaji namna gani.

Iwapo betri iliyochajiwa usiku kucha inarudi kwenye volti 10.5 au karibu na hapo, karibu ni hakika kwamba seli moja kati ya sita imekufa, kwa kuwa kila seli huchangia volti mbili na kidogo. Hapo hakuna matengenezo. Betri hiyo ipelekwe kwa wanaonunua mabetri chakavu, isitupwe jalalani.

Betri za lithiamu zinazoanza kuingia kwenye matela haziwezi kusomwa kwa jedwali hilo. Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya matumizi, kisha huporomoka ghafla mwishoni, hivyo kipimo cha volti husema machache sana kuhusu kiasi kilichobaki. Ukipima ncha za betri ya lithiamu na kukuta sifuri, usikimbilie kusema imekufa. Ndani yake mna ubao wa ulinzi unaokata njia betri inaposhuka mno, na chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya lithiamu mara nyingi huweza kuiamsha.

Betri za maji, na neno linalozichanganya

Kwa betri zenye vifuniko sita, haidromita husema ukweli kuliko multimita. Betri iliyojaa husoma takriban 1.265 hadi 1.280 katika kila seli, ingawa zile zilizojazwa asidi nyepesi kwa ajili ya nchi za joto huweza kusoma chini kidogo ya hapo. Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni tofauti baina ya seli na seli. Seli tano zikisoma 1.260 na ya sita 1.190, ile ya sita ni mgonjwa anayewaburuta wenzake, na hakuna urefu wa kuchaji utakaomponya.

Hapa pana jambo linalonisikitisha kila ninapoliona. Madukani kwetu jina “maji ya betri” hutumika kwa vitu viwili tofauti: maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi yoyote, na asidi ya kujazia betri mpya. Dereva anayetumwa kununua “maji ya betri” huweza kurudi na chupa yoyote kati ya hizo. Betri inayotumika hupoteza maji peke yake wakati wa kuchajiwa, huku asidi ikibaki ndani, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa tu. Ukiongeza asidi, haidromita itasoma vizuri na utafurahi kwa siku chache, kumbe sahani zinaliwa. Soma kibandiko cha chupa mwenyewe. Maji ya bomba na ya kisima nayo hayafai kwa sababu ya chumvi zake. Ikiwa sahani zimeachwa wazi, zifunike kwanza kwa maji kidogo kabla ya kuchaji, kisha ujaze hadi alama baada ya betri kujaa, kwa kuwa kimiminika hupanda inapochajiwa na ukitangulia kujaza kitamwagika.

Betri inaweza kubeba kiasi gani?

Volti nzuri hazithibitishi kwamba betri ina uwezo wake wa awali. Betri chakavu hujaa haraka na kuisha haraka, kama ndoo iliyojaa mchanga nusu. Njia rahisi ya kuipima ni kutumia uzi wa wati 60 wa balbu ya H4, ambao hula karibu ampea 5. Betri ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni ampea mara saa zinazotolewa) yenye afya, ikiwa imejaa, huubeba mzigo huo kwa saa 10, na baada ya kupumzika husoma karibu 12.2. Ikiwa taa imewaka saa nne tu na volti zimekwisha kushuka hadi 11.8 huku taa ingali inawaka, betri hiyo imepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Balbu iwekwe juu ya bati au tofali, maana hupata moto wa kuunguza plastiki.

Kabla ya kuihukumu, hata hivyo, angalia ni ya aina gani. Betri nyingi zinazouzwa kwa majina ya N70 na N100 zimetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, yaani kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kurudishiwa mara moja. Zikipewa kazi ya kulisha friji usiku kucha huchakaa kwa miezi michache, hata kama kila kitu kingine kimefungwa vizuri. Kazi ya tela inataka betri ambazo wauzaji wetu huziita betri za sola, zenye sahani nene zinazovumilia kushushwa na kupandishwa.

Chaji kutoka kwenye gari: hapa ndipo makosa mengi yalipo

Washa injini, chomeka plagi ya tela, washa friji, kisha upime sehemu mbili. Kwenye ncha za betri ya gari unatarajia volti 13.8 hadi 14.4. Ukikuta 12.6 au chini ya hapo, altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, haichaji, na tatizo ni la gari, lishughulikiwe huko kwanza. Kwenye ncha za betri ya tela unatarajia usomaji unaokaribiana na ule wa gari. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani.

Tela moja nililoletewa lilikuwa limebadilishiwa betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Gari lilisoma 14.2, tela likasoma 13.0. Nyaya zilizofungwa na fundi wa kwanza zilikuwa za milimita mraba 2.5, sawa na zile za soketi za nyumbani, na umbali kutoka kwenye injini hadi boksi la betri ulikuwa kama mita 8. Hesabu yake ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 1 una ukinzani wa takriban omu 0.0175. Umeme huenda na kurudi, hivyo mita 8 ni mita 16 za waya, na ukigawa kwa 2.5 unapata omu 0.112. Mkondo wa ampea 10 ukipita hapo, volti 1.1 hubaki kwenye waya na kugeuka joto. Betri inayopewa 13.1 haijai, hata gari likitembea kutwa, kwa kuwa betri ya risasi huhitaji kukaa juu ya volti 14 kwa saa kadhaa ili ikamilishe robo ya mwisho. Tulipoweka waya wa milimita mraba 16, upotevu ulishuka chini ya volti 0.2, na ile betri ya tatu, ambayo mwenye tela alikuwa tayari kuitupa, ikarudi kufanya kazi.

Ili kujua upotevu uko sehemu gani hasa, tumia ule waya mwembamba wa mita 10. Funga ncha yake moja kwenye chanya ya betri ya gari na nyingine kwenye kipimio chekundu cha multimita, kisha kipimio cheusi kiguse chanya ya betri ya tela huku injini ikiunguruma na mkondo ukipita. Nambari utakayoiona ndiyo upotevu wa upande wa chanya. Halafu sogeza kipimio cheusi hatua kwa hatua kurudi kwenye gari: kabla na baada ya fyuzi, kabla na baada ya plagi, kabla na baada ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Mahali ambapo nambari inaruka ndipo penye ugonjwa. Rudia hivyo hivyo kwa upande wa hasi, na usiuruke, kwa sababu mafundi wengi huutegemea mwili wa gari na chuma cha kukokotea kama njia ya kurudi, na chuma hicho kina grisi, rangi, kutu na mchezo wa kutikisika. Waya wa hasi uliokamilika, mnene sawa na wa chanya, uende hadi kwenye gari.

Plagi inastahili uangalifu wa pekee. Ile ya kawaida ya pini 7 ya aina ya 12N imepangwa kwa ajili ya taa tu, haina pini ya kuchajia, na mafundi wengine hugeuza pini namba 2, iliyokusudiwa taa ya ukungu, kuwa njia ya chaji. Pini hiyo haikutengenezwa kubeba mkondo mkubwa kwa saa nyingi. Kwenye plagi ya pini 13, namba 9 ni umeme wa kudumu na hasi yake ni namba 13, ilhali namba 10 hupata umeme injini inapowashwa na hasi yake ni namba 11. Suluhisho ninalolipenda ni plagi ya Anderson ya ampea 50, iliyo peke yake kwa ajili ya chaji, kwa kuwa mabamba yake hugusana kwa eneo kubwa na huonekana kwa macho yakianza kuungua. Plagi ya aina yoyote, vumbi la barabara ya kutoka lango la Loduare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti huingia ndani yake na mtikisiko hulegeza skrubu zake. Ifungue baada ya kila safari, uisafishe, ukaze.

Terminali za betri zikiota unga mweupe au wa kijani, zioshe kwa magadi soda yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, ukihakikisha maji hayo hayaingii ndani ya seli, kisha zisugue kwa msasa, uzikaze, na uzipake mafuta ya mgando kwa juu.

Kuhusu fyuzi, iwepo moja karibu na betri ya gari na nyingine karibu na betri ya tela, kwa sababu waya huo una chanzo cha umeme pande zote mbili. Ukubwa wake hufuata unene wa waya. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inaeleza jambo, na anayeizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara anageuza waya mzima kuwa fyuzi, tena chini ya magodoro na mitungi ya gesi. Nawasihi madereva wasifanye hivyo hata wakiwa porini. Ni afadhali chakula kiharibike.

Magari mapya yana altaneta zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushusha volti mara betri ya gari inapojaa, ili kuokoa mafuta. Kwa magari hayo waya mnene peke yake hautoshi. Panahitajika chaja ya betri kwa betri, inayofungwa ndani ya tela na kuinua volti hadi kiwango ambacho betri inataka. Chaja hiyo ni ya lazima pia kwa betri za lithiamu, kwa kuwa hupokea mkondo mkubwa kiasi cha kuweza kuunguza altaneta isiyozuiwa.

Sola na chaja ya ukutani

Paneli ya wati 100 hutoa kati ya ampea 5 na 6 jua linapokuwa utosini, na kwa siku yenye jua zuri tarajia ampea-saa 25 hadi 30. Pima volti zinazoingia kwenye kidhibiti chaji, kile kifaa kilicho kati ya paneli na betri, na zinazotoka. Zikiingia 18 au zaidi na kutoka 12.3 mchana wa jua kali, kidhibiti kimekufa au fyuzi yake imekatika. Zikiingia kidogo, angalia paneli yenyewe. Kivuli cha tawi moja la mgunga juu ya seli chache huweza kukata sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima, nasi kwa mazoea huegesha tela kivulini ili friji ipumzike. Paneli inayobebeka, yenye waya mrefu, huondoa mgongano huo.

Chaja inayotumia umeme wa ukutani ipimwe kwenye ncha za betri: saa za mwanzo volti zipande hadi 14.2 au 14.6, kisha zikae kati ya 13.2 na 13.8 betri ikijaa. Inayobaki juu ya 14.4 siku nzima huchemsha betri na kukausha maji yake. Hakikisha pia swichi ya aina ya betri imewekwa panapostahili, kwa sababu betri ya jeli huharibiwa na volti ambazo betri ya maji huzitaka.

Kinachokula usiku

Kama betri na njia ya chaji ni nzima, bado huenda matumizi yanazidi mapato. Friji inayokula ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda humaliza ampea-saa 48 kwa siku, ambazo ndizo karibu zote unazoruhusiwa kuchota kwenye betri moja ya 100. Inveta iliyoachwa wazi bila kuchaji kitu chochote huweza kula ampea 0.8, yaani ampea-saa 19 kwa siku, na hakuna anayeishuku. Zima kila swichi, fungua waya wa hasi, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya waya na ncha, usome. Zaidi ya ampea 0.1 huku kila kitu kimezimwa ni kingi. Toa fyuzi moja moja hadi nambari ianguke, na utakuwa umemkamata mlaji. Usiwashe inveta au pampu wakati multimita imekaa hapo, kwani fyuzi yake ya ndani itakatika.

Msimu wa mvua, na usiku wa kuamkia safari

Mvua za masika zikianza na matela yakiegeshwa, fungua waya wa hasi na uchaji betri ya risasi hadi ijae mara moja kila mwezi. Betri huvuja chaji yake yenyewe, na huvuja upesi zaidi kwenye joto, kwa hiyo boksi la bati lililoanikwa juani ni mahali pabaya pa kuihifadhi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, chaji betri hadi ijae. Jioni ya siku ya mwisho tia kreti ya maji ndani ya friji, iwashe ukiwa bado uani nyumbani bila kuunganisha gari wala chaja, na uiache hadi asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri pima huku friji ikiwa imetulia. Betri ya risasi ikisoma 12.4 au zaidi, funga tela uondoke. Ikisoma chini ya 12.2, hitilafu ingali mahali fulani kati ya ulipopima na ulipodhani, na pa kuitafuta ni hapo uani, kungali na mwanga na duka la vipuri liko karibu.